Bomba la Chumba Namba Sita

Doha, 9 Machi 2006

Da Ghaliya,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Afra anakusalimu, anasema achari ya ndimu imefika na ni chupa moja tu iliyopasuka. Amjad ameota meno ya mbele. Ruqaya anasoma vizuri, ila Kiswahili chake sasa ni cha kuokoteza. Mimi kazi yangu unaijua: leo Doha, wiki ijayo Bahrain, baada ya hapo Muscat, nakagua hesabu za hoteli za watu wanaojua wanachokifanya.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu barua pepe zangu zote umezifungua na hukujibu hata moja. Usinambie hukuziona. Kutoka huku naona kwamba zimefunguliwa.

Nieleze tena, polepole. Kompyuta ya mapokezi ya nyumba yetu ya wageni ni chombo cha kazi, si pambo. Nilipokuja Desemba nilitia programu ndani yake na nikaweka antena juu ya paa, ili popote nilipo niweze kuingia ndani ya mashine hiyo kwa njia ya intaneti. Nakaa chumbani kwangu hotelini Bahrain, nafungua kompyuta yangu ndogo, na kioo kile kile unachokiona wewe hapo Kiponda nakiona mimi. Mshale nausogeza mimi. Mgeni nampokea mimi, namkataa mimi, bei naipandisha mimi. Kwa ufupi, niko nyumbani kila siku. Lakini hakuna mtu duniani awezaye kuingia ndani ya mashine iliyozimwa! Kwa nini unaizima kila unapoinuka mezani? Si jiko la mkaa hilo, useme litaunguza nyumba. Na kile kitambaa cha kufuma ulichoifunikia kama sinia ya futari kiondoe. Mashine inataka kupumua.

La pili ni chumba namba sita. Tangu Januari, kila nikiingia, naona umekiandika "bomba bovu". Hicho ndicho chumba chetu bora, chenye roshani na upepo wa bahari. Fundi gani huyo anayeshindwa kuziba bomba moja mpaka Machi? Hoteli ninazokagua mimi zina vyumba mia nne, na bomba likivuja asubuhi, adhuhuri limekauka. Wewe una vyumba vinane. Vinane, Da Ghaliya.

Najua hukupata nafasi ya kusoma sana, na sikulaumu kwa hilo. Nakulaumu kwa kutotaka kufundishwa.

Mdogo wako,
Turki

---

Kiponda, Unguja, 2 Aprili 2006

Turki,

Marahaba. Barua yako kaniletea mtoto wa jirani yetu Bi Mwanakheir aliyekuja kutoka Doha. Ilikuwa inanukia udi, basi angalau bahasha ilikuwa na adabu.

Sisi wazima. Masika yameanza kwa fujo, na paa la upande wa ua limeanza kudondosha. Bi Mwanakheir kaoza mjukuu wake Kikwajuni. Nilikwenda, na kila mtu akaniuliza habari zako. Nikawajibu kwamba uko nyumbani kila siku. Wakacheka, walidhani natania.

Unauliza kwa nini sijibu kwenye kompyuta. Kwa sababu huko unaingia unapotaka. Mwezi wa pili nilikaa nimwandikie mkeo Afra mambo yetu ya kike. Sijafika katikati, nikaona mshale unatembea peke yake, ukafuta neno langu na kuandika jingine. Eti nimekosea tahajia! Baba, ingawa nyumba ilikuwa yake, alikuwa akifika mlangoni mwa chumba changu husimama akakohoa. Wewe umesomeshwa mpaka ng'ambo na kukohoa hukufundishwa. Kwa hiyo nashika kalamu. Karatasi haijawahi kunisahihisha.

Khamisa, huyu aliyeanza kutufanyia usafi mwaka huu, alikuwa akifuta vumbi mapokezi siku ile ulipokuwa ukichezea bei. Kaona mshale unakwenda mbio, vyumba vinafunguka na kufungika, na kitini hapana mtu. Akaniita kwa ukelele.

"Bi Ghaliya!"

"Naam!"

"Njoo uone! Humu ndani mna mtu!"

Nikamwambia, "Si mtu, ni Turki." Akashusha pumzi, akaendelea na kazi yake.

Mashine naizima kwa sababu umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo, na friji ya jirani imekwisha kuungua. Hayo ya umeme wa huku naona umeyasahau, na si ajabu, umesahau mengi.

Bomba la namba sita ni bovu. Fundi amelitazama. Ni bomba la zamani, limepita ndani ya ukuta wa chokaa na mawe, na ukuta kama huo haumegwi kama biskuti. Linataka subira. Usiniandikie tena habari za bomba.

Dada yako,
Ghaliya

---

Muscat, 11 Mei 2006

Da Ghaliya,

Shikamoo. Wazima sote. Afra nimemhamishia nyumba yenye hewa ya baridi kila chumba, na bado analalamika. Watoto wanakusalimu.

Nashukuru kwa mafunzo ya kukohoa. Nitawafahamisha mabosi zangu kwamba kampuni nzima ikohoe kabla ya kufungua hesabu.

Uliposema fundi ametazama, sikuamini, kwa hiyo nilimpigia simu fundi wangu mwenyewe, Mkadam wa Mwembetanga. Nilimwambia aende, abomoe, atie bomba jipya la plastiki, nitamlipa mimi. Kesho yake kanipigia. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Bwana Turki, nimelitazama. Hilo mwachieni Bi Ghaliya. Kazi ya miezi hiyo." Nikamwambia kwamba sijawahi kusikia fundi anayekimbia kazi ya kulipwa. Akanijibu, "Basi leo umesikia," akakata simu.

Sijui umemlisha nini. Lakini mimi si mtoto. Nikiona namba haikai sawa huifuata mpaka nijue imekosewa wapi, na hiyo ndiyo riziki yangu. Chumba hakina ubovu wowote. Unakifunga kwa uvivu, kwa sababu kina ngazi nyingi na hutaki kupanda na mashuka.

Nimefuta neno "bovu". Nimekikodisha kuanzia tarehe mosi Julai kwa walimu wawili wa Kiholanzi, mke na mume. Wamekwisha lipa. Bomba likivuja, waoge kwa ndoo na kopo. Wazungu hulipenda jambo hilo, huliita utamaduni.

Mdogo wako,
Turki

---

Kiponda, 3 Juni 2006

Turki,

Marahaba. Sisi wazima.

Waandikie Waholanzi wako wasije, au uwape chumba kingine. Namba sita hakikodishwi. Asubuhi naandika "bovu", adhuhuri unalifuta. Naandika tena, unafuta tena. Tumekuwa kama watoto wanaogombania chaki. Nimekupigia simu, na kila mara hunijibu mashine kwa Kiingereza. Ndiyo maana nampa barua hii mtoto wa Bi Mwanakheir anayepitia Muscat, na namwomba Mungu ikuwahi.

Mkadam ni mtu mzima na ana heshima zake. Kaja, kapanda, katazama, kanywa chai, kaondoka. Ukimsema tena uvivu umseme uso kwa uso, na uso huo uulete mwenyewe.

Sina la zaidi.

Ghaliya

---

Salalah, 30 Julai 2006

Da Ghaliya,

Shikamoo. Barua yako ya Juni ilinifuata kutoka Muscat hadi Doha, Doha hadi hapa Salalah, na imenifikia jana. Huku kunanyesha manyunyu na milima imekuwa kijani. Watu wanatoka nchi za jirani kuja kutazama ukungu kana kwamba ni miujiza. Nilikuwa na nia ya kupumzika siku mbili.

Badala yake nimesoma maneno waliyoyaandika wale walimu kwenye mtandao, mahali ambapo dunia nzima inasoma. Nakutafsiria, usije ukasema hukuelewa: "Nyumba safi, chai nzuri ya viungo. Katika chumba tulichokodi amelala mama wa mwenye nyumba, anaumwa macho, kwa hiyo tulipewa chumba cha binti yake. Mama yule alitufundisha kusema asante."

Mama wa mwenye nyumba! Mama yetu yuko Mwanakwerekwe tangu mwaka wa tisini, Da Ghaliya, na sijasikia kwamba ametoka kaburini.

Nani yumo ndani ya chumba namba sita?

Usinambie ni yule mpishi wa Baba. Usinambie umemtoa yule mwanamke Mkokotoni, na harufu yake ya dagaa, ukamlaza kwenye chumba chenye roshani, huku mimi naandikiana na bomba miezi saba. Mtumishi akimaliza kazi hurudi kwao. Hilo tulilimaliza mbele ya kadhi mwaka ule ule aliofariki Baba.

Kuanzia leo nimebadilisha neno la siri. Hutaweza kufungua orodha ya vyumba wala kupokea mgeni yeyote. Vyumba vyote vinane nimeviandika vimejaa mpaka mwisho wa mwaka. Akitoka huyo, nitavifungua.

Turki

---

Kiponda, 25 Agosti 2006

Turki,

Sisi wazima, alhamdulillahi. Bi Mwanakheir kateleza ngazini kwake lakini hakuvunjika. Paa la ua nimelitengeneza.

Umeuliza nani yumo, na kabla hujamaliza swali umelijibu mwenyewe. Basi hukushangaa, Turki. Hilo nililiona nikaliweka moyoni.

Ni Bi Sichana. Yumo tangu Januari. Nilikwenda Mkokotoni kumjulia hali, nikamkuta kwa ndugu yake anapapasa kuta. Macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Watoto wa pale walikuwa wakimtuma dukani kwa kumcheka, arudi na chumvi aliyodhani sukari. Nikamtia garini siku ile ile. Madaktari wa macho wanaotoka nje huja kwa zamu. Jicho la kulia walimsafisha mwisho wa Juni, la kushoto wamesema Oktoba. Chumba namba sita ndicho alichomuuguzia Baba miaka minne. Anakijua kwa mikono, hata choo hakuuliza kiko wapi. Haya, bomba lako hilo. Furahi, umekagua.

Sasa nikwambie walivyofika Waholanzi, kwa kuwa wewe uliwatuma na hukuwepo.

Walikuja baada ya sala ya adhuhuri, mabegi mgongoni, karatasi yako mkononi. Nikawaambia kwamba chumba kina mgonjwa. Mwanamke akanigongea kidole kwenye karatasi: sita, sita. Tulikuwa tumesimama pale juu ngazini. Bi Sichana akasikia sauti, akafungua mlango. Jicho lake lilikuwa limefungwa pamba nyeupe, na kwapani keshakunja kanga zake na shuka lake, kafunga kifurushi.

"Nnakwenda, Bi Ghaliya," kasema. "Wageni wameshafika."

"Unakwenda wapi?"

"Kwani mara ya kwanza nlipajua? Nshazoea kutolewa chumba hiki."

Yule mwanamke wa Kiholanzi Kiswahili hakijui, lakini kifurushi alikielewa. Akakitwaa, akamshika mkono Bi Sichana, akamrudisha kitandani taratibu. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza kama huyu ni mama yangu. Nikasema, ndiye. Niliwapa chumba changu, nami nikahamia kwa Bi Sichana. Siku kumi walikaa, na kila asubuhi walipanda kumwamkia. Wageni, Turki, wasiomjua wala kumlia chake.

Jioni ile nilimuuliza lile ambalo hatukuwahi kulizungumza. Nilimwambia, "Bi Sichana, Baba alinambia kwa kinywa chake kwamba wewe ni mkewe. Mimi wakati ule nilikuwa kwa mume wangu Kikwajuni, sikuiona ndoa. Nani aliyeiona?"

Kasema, "Sheikh aliyetuozesha kafa. Jaku, mwenye mashua, aliyekuwa shahidi wa kwanza, naye kafa."

"Na shahidi wa pili?"

"Wa pili yu hai. Muulize nduguyo halua ya siku ile alikula na nani."

Turki, mwaka wa tisini na nne ni wewe uliyemwendesha Baba kwa gari mpaka Mkokotoni. Ulikuwa umevaa joho lake jeusi kwa sababu lako halikuwa limefuliwa. Ulikaa mkekani kwa sheikh, ukasikia Baba akisema amekubali, ukaitikia dua. Siku ya pili mlipomfuata bibi harusi ulimwita mama mdogo njia nzima, mpaka akaona haya. Hayo hakuyazua. Joho lile nililifua mimi mliponiletea Kikwajuni, na lilikuwa limemwagikiwa halua mfukoni.

Kisha Baba akafa. Siku ya nne ulimpakia mkewe garini, eda yake haijatimia hata wiki, ukampeleka kwao. Kwa hiyo kwa kadhi hakufika. Mimi nilisema aliyonambia Baba, nawe ukasimama ukasema, "Mimi ndiye mtoto wa kiume. Ndoa kama hiyo ingelikuwepo, ningeijua." Nilidhani unajivuna tu, kama kawaida yako. Kumbe ulikuwa unasema kweli. Ungeijua. Uliijua.

Nilimuuliza Bi Sichana kwa nini hakuniambia miaka yote. Akasema, "Nikugombanishe na nduguyo nipate nini? Nilitaka kumaliza eda yangu mumu humu, basi. Hilo lishapita."

Kadhi amekubali kuifungua tena mirathi. Ni Alhamisi, tarehe 14 Septemba, asubuhi. Anataka shahidi. Hataki barua pepe, wala mshale unaotembea juu ya kioo. Anataka mtu aje na miguu yake, aape, aseme alichokiona.

Ulisema harufu ya dagaa. Basi nami nikwambie langu. Wewe unamdharau mtu kwa alikozaliwa. Mimi nakudharau kwa ulilolitenda. Kwa ulikozaliwa siwezi, maana ni tumbo lile lile lililonizaa mimi.

Kompyuta nimeichomoa. Kioo chake cheusi kinatufaa kutengenezea mitandio. Na vyumba vyako vilivyojaa vina wageni watano, waliokuja kwa kuelekezana njiani.

Ghaliya

---

Doha, 6 Septemba 2006

Da Ghaliya,

Shikamoo. Sisi wazima. Ruqaya alipata homa, amepona. Joto huku halijapungua.

Barua yako nimeipata. Mashine haichomolewi ghafla namna hiyo, inaharibika ndani. Inaonekana pia antena imesogezwa wakati wa kutengeneza paa, kwa sababu hata kabla ya hapo nilikuwa napata shida kuingia. Watu wa paa wangeniuliza kwanza.

Nimepata likizo fupi. Nitapita Unguja kuitazama mwenyewe hiyo kompyuta. Usiniandalie chakula wala kitanda, kampuni imenipa hoteli ya ufukweni, na kusema kweli ngazi za Kiponda magoti yangu hayaziwezi tena.

Kuhusu hayo mengine, watu hukumbuka wanavyopenda kukumbuka.

Turki

---

Kiponda, 20 Septemba 2006

Turki,

Sisi wazima. Ramadhani inabisha mlangoni na soko limekwisha panda. Khamisa kanunua tende mapema. Bi Mwanakheir anatembea kwa mkongojo na kumpiga nao kila mtu anayemwonea huruma.

Ulikuja. Usidhani sikujua.

Ilikuwa Jumanne, nami nilikuwa Darajani kununua samaki. Niliporudi Khamisa kanambia kwamba alikuja mwanamme wa miwani, kanzu imenyooka kama karatasi, hakutoa jina, kapanda ngazi moja kwa moja mpaka juu. Magoti yako kumbe mazima. Nikamuuliza, "Kompyuta kaitazama?" Kasema, "Kaipita kama kapita ndoo."

Yaliyobaki kanihadithia Bi Sichana mwenyewe. Alikuwa amekaa kitandani anashona kofia, mlango wazi kwa ajili ya upepo. Ukasimama mlangoni.

"Nani?" kauliza.

Ukavua miwani, ukaifuta.

"Nani huyo aliyesimama?"

"Fundi," ukasema. "Fundi wa bomba."

"Bomba zima, baba," kakujibu. "Lakini karibu ukae. Umepanda ngazi nyingi."

Hukukaa. Ukageuka, ukashuka, na Khamisa anasema ulishuka mbio.

Jicho lake la kulia, Turki, sasa linatia uzi kwenye tundu la sindano bila kukosea. Alikuona tangu ulipofika juu ya ngazi. Kaniambia umenenepa, na kwamba kipara umekitoa kwa Baba. Nikamuuliza kwa hasira mbona hakukuita kwa jina lako. Akasema, "Mtu mzima kaniambia yeye fundi. Mimi nani nimvunjie kazi yake?" Akaendelea kushona. Mimi ndiye niliyelia, si yeye, na nilijichukia kwa kukulilia.

Alhamisi tulikwenda kwa kadhi: Bi Sichana, mimi, na Mkadam aliyetushika mkono kwenye ngazi. Tulikaa tangu saa mbili. Karani alikwenda mlangoni akaita jina lako. Akangoja, akaita tena. Mara ya tatu hata waliokuja kwa kesi zao waligeuka kutazama ngazi. Mkadam akainama, akaninong'oneza, "Bi Ghaliya, usingoje. Jana nilimwona bandarini anapanda boti ya Dar, anaburura sanduku." Alikuwa nalo tangu asubuhi, kaona tabu kunambia.

Kadhi ni mtu mpole. Kasema, moyo wake unamwelekea mama huyu, lakini ndoa bila ya shahidi hawezi kuithibitisha kwa moyo wake. Hukumu ya kwanza inabaki kama ilivyo. Basi umeshinda. Hongera. Ulikuwa huku siku mbili na hukufungua hata kinywa, ukashinda.

Lakini umeshinda fungu lako. Langu ni langu. Kabla kadhi hajafunga jalada nilisimama, nikamwambia kwamba katika fungu langu la nyumba ya Kiponda, chumba namba sita na roshani yake nampa Bi Sichana binti Ayoub, hiba, chake yeye na cha warithi wake baada yake. Kadhi akanitazama. "Umefikiri? Hiba ikishapokewa hairudi." Nikamwambia nimefikiri tangu Januari. Akamuuliza Bi Sichana kama amepokea. Yeye akanigeukia mimi, akasema, "Hutajuta, Bi Ghaliya? Nduguyo atakasirika." Nikamwambia, "Pokea, Mama." Akapokea. Mkadam kashuhudia, na mzee mmoja wa Kikwajuni aliyekuwa akingoja kesi yake ya mpaka wa shamba kashuhudia pia, hatukumjua hata jina kabla ya hapo. Tulipotoka alituombea dua.

Kompyuta imerudi mezani, kwa kuwa wageni wanaitaka. Nilimwita mtu wa intaneti akaing'oa ile programu yako. Kaniuliza kama nataka mtu yeyote wa mbali aweze kuingia. Nikasema hapana.

Mwambie Afra, barua yangu ya kike nitamwandikia kwa kalamu, na asione haya kuleta watoto. Ruqaya aje akae likizo nzima. Bi Sichana kasema atamfundisha kushona kofia, na Kiswahili chake kitanyooka chenyewe.

Wewe sikukaribishi wala sikukatazi. Fungu lako lipo, hakuna aliyeligusa. Vyumba vyako vimefagiliwa, na funguo zake ziko mapokezi kwa Khamisa, ukutani, pamoja na za wageni wengine.

Ghaliya binti Azzan